Ufunguo Kwenye Msumari

Wiki iliyopita niliwaacha getini kwa wifi yangu, mimi na mfuko wangu wa magauni, nimefungiwa geti usoni kama muuza mafagio. Wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza wasiwe na wasiwasi. Hawajapitwa na mengi, mabalaa yangu bado yapo ya kuwatosha wote.

Mimi ndiye yule Mama Mchi. Jina hilo sikupewa na wazazi, nilipewa na magazeti, likiwemo hili mlilolishika. Mume wangu, fundi wa friji, alipigwa mchi kisogoni mchana kweupe, akiwa kwenye kochi letu na mguu wake uliofungwa plasta. Niliyemkuta ni mimi, nikitoka kumsuka bibi harusi. Nikauokota ule mchi. Msiniulize kwa nini, maana nimeulizwa na wanasheria waliosoma kuliko ninyi na sikuwa na jibu.

Kesi yote ilisimama juu ya ufunguo. Mlango haukuvunjwa. Funguo za nyumba zilikuwa mbili, mmoja mkobani mwangu, wa pili kwenye msumari nyuma ya mlango, na polisi walipofika waliukuta palepale msumarini. Marehemu hakuweza kuinuka bila kushikwa. Mtoto alikuwa amelala. Basi nani aliyefungua, kama si mke?

"Mtoto alikuwa amelala" ni maneno ya wifi yangu, dada wa marehemu, aliyemchukua mtoto wetu siku ileile. Aliyasema chini ya kiapo, leso mkononi, mahakama nzima ikamwonea huruma. Hata mimi niliyaamini.

Nilikaa mahabusu mpaka mtoto niliyemwacha darasa la pili akaingia sekondari. Kisha jaji akasema hakuna ushahidi wa kutosha, niachiwe. Watu hawakusikia "hakuna ushahidi". Walisikia "wa kutosha" tu, wakaenda nalo nyumbani.

Nyumba nilikuta imechukuliwa na shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Nikasema achukue. Vyombo nikakuta vimegawanywa. Nikasema wagawane. Nilimtaka mtoto wangu tu, Chiriku wangu, jina alilopewa na baba yake kwa kuwa alikuwa hafungi mdomo tangu anapoamka. Nikaenda kwa wifi na magauni niliyoyashona mahabusu kwa kukisia urefu wake. Wifi akaniambia kupitia tundu la geti:

"Mtoto hataki kukuona. Amesema mwenyewe, mama yake alishakufa."

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa tuendelee.

Kazi nilikuwa nimepata kwenye saluni ya mwanamke tuliyembandika jina la Mama Vioo, kwa sababu ameweka vioo hadi chooni. Alinipokea kwa masharti.

"Mikono yako naijua, dada yangu. Uso wako ndio tatizo."

"Nifanye nini na uso?"

"Vaa barakoa. Watu watadhani ni kwa ajili ya harufu ya dawa. Kaa huko nyuma ya pazia, uoshe nywele. Mteja anayeoshwa anaangalia dari, hakuangalii wewe. Na jina lako liache nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki, akaacha.

Basi nikawa muosha nywele, mimi niliyekuwa nasuka mabibi harusi. Wateja walilala mbele yangu, shingo zao kwenye sinki, wakanisimulia habari zangu. Kuna mama mmoja mnene, mteja wa rola, kila akija lazima aikumbuke ile kesi.

"Yule Mama Mchi mimi ningemjua popote," aliniambia siku moja, macho amefumba, kichwa chake kizima kikiwa viganjani mwangu. "Macho ya muuaji hayafichiki."

"Ni kweli, mama," nikamjibu. "Maji ni ya moto sana?"

"Yako sawasawa, mwanangu. Una mikono mizuri wewe."

Nilimkanda vizuri kuliko wote siku ile. Kuna hasira nyingine mtu anazimalizia kazini.

Nieleze mambo mawili ya saluni yetu, maana bila hayo hamtaelewa yaliyonipata. La kwanza ni mlango. Wateja wengi wanavua vitambaa vyao ndani na hawataki mwanamume awaone kichwa wazi, kwa hiyo mlango unafungwa kwa ufunguo kutwa nzima, na mshika ufunguo ni Mama Vioo peke yake. Ukigonga, anachungulia, akikuridhia anafungua.

La pili ni draya, mashine za kukaushia nywele. Zetu ni zile za kizamani, za kofia kubwa inayomeza kichwa chote mpaka nyusi. Inanguruma masikioni mwa aliye ndani, lakini sisi tulio nje tunasikia mvumo mdogo tu. Kwa hiyo mtu akiwa ndani ya draya hajisikii mwenyewe. Anadhani ananong'ona, kumbe anatangaza. Tumeshasikia humo mimba, talaka na madawa ya kienyeji. Sharti la Mama Vioo ni kwamba hakuna kumshtua mteja wala kumcheka. Ukisikia, hukusikia, endelea kusuka.

Ijumaa ile niliisikia sauti kabla ya kumwona mwenye nayo. Mama Vioo alikuwa ametoka kufungua mlango.

"Mtoto huyu kanitesa! Mtaani kwetu saluni zimejaa, yeye kang'ang'ania hii hii. Eti rafiki yake kamsifia. Haya, tengenezeni, kesho mdogo wangu anaoa. Atakuja mwenyewe kutuchukua na gari."

Sauti ile niliisikiliza kizimbani siku nzima. Ningeitambua hata ndani ya kisima. Nikashika ukingo wa sinki.

Mama Vioo akaingia nyuma ya pazia, uso umempauka. Alikuwa amemtambua, kwa maana picha yake ilitoka magazetini sambamba na yangu.

"Ni wifi yako," akaninong'oneza. "Kaja na shoga yake. Wote wanataka rola, nitawaosha mimi kwenye sinki la mbele."

"Na mtoto?"

Akarekebisha taulo begani.

"Mama Vioo. Na mtoto?"

"Ndiye nataka kukuletea. Utaweza?"

"Mlete."

"Usinifanyie kituko, nakuomba. Nina wateja wa harusi humu."

"Nimesema mlete!"

Wale wawili walipokwisha kufungwa rola na kuketishwa kwenye draya, akaingia msichana mrefu, mwembamba, mabega ya baba yake. Hakuniangalia usoni. Alikaa, akalaza kichwa, akafumba macho. Nilipofungua bomba, kabla maji hayajamgusa, akainua kiganja cha kushoto akaziba sikio.

Wasomaji wangu, mtoto yule aliumwa sikio la kushoto akiwa mdogo, na tangu hapo hakuoshwa nywele bila kuliziba kwa kiganja. Nilikuwa namwambia atakuwa bibi harusi wa kwanza kwenda saluni ameziba sikio. Nilikiona kile kiganja nikalia. Nililia ndani ya barakoa, na hiyo ndiyo faida pekee niliyowahi kuiona ya kuivaa.

Nikaanza kumwosha taratibu. Yule aliyekuwa anazungumza hata na mende alikuwa kimya kama ukuta.

Mara akasema, macho bado amefumba:

"Dada, una watoto?"

"Ninaye mmoja."

"Yuko wapi?"

"Kwa ndugu wa baba yake."

"Huendi kumwona?"

Nikapaka shampuu. Niliipaka mara ya pili bila kujua nimeshaipaka.

"Nilikwenda," nikasema. "Niliambiwa hataki kuniona."

Vidole vyake vikakaza kwenye sikio.

"Nani alikuambia?"

"Wakubwa wake."

"Na wewe ukaamini?"

Nikaendelea kukanda. Akavuta pumzi, akasema polepole:

"Mimi mama yangu alitoka. Nikaambiwa amehama, ameolewa mbali, kasema nisimtafute. Kumbe watu wengine huwa wanadanganywa pande zote mbili."

Nilitaka kuivua barakoa palepale. Mkono wangu ulikuwa umeshafika sikioni kwangu kuifungua, na hapo ndipo draya zilipoanza kusema.

Zilikuwa zimewekwa mbili jirani, wifi kwenye moja, shoga yake kwenye nyingine. Waliinamiana kama watu wanaoambiana siri. Nyuma ya pazia nilisikia kila neno, na saluni yote ilisikia.

"MBONA MTOTO KAKUNJA USO HIVYO?" akauliza shoga mtu.

"KISIRANI TU. GAUNI HALITAKI. ETI HATABEBA MAUA KWENYE HARUSI YA BABA YAKE MDOGO."

"SI NDIYE ANAYEMSOMESHA?"

"NDIYE. ANAMLETEA NA ZAWADI, HAZIGUSI." Wifi akamwinamia zaidi. "SHOGA YANGU, NIKWAMBIE KITU, LAKINI KIISHIE HAPA HAPA."

Nje ya pazia mkasi uliokuwa unakata ukaacha kukata.

"SIKU ILE HAKUWA AMELALA."

"NANI?"

"MTOTO. YEYE NDIYE ALIYEFUNGUA MLANGO. ALIPANDA JUU YA NDOO, AKATUNGUA UFUNGUO, AKAMFUNGULIA MDOGO WANGU."

"WEE!"

"WALIKUWA NA UGOMVI WA ILE NYUMBA YA BABA. MTOTO ALIRUDI CHUMBANI, AKASIKIA KELELE, AKAJIFUNIKA SHUKA. ALINIAMBIA MWENYEWE, ANATETEMEKA MIKONONI MWANGU. NIKAMWAMBIA, ULIKUWA UNAOTA."

"NA MKE WA MTU AKAKAA NDANI MIAKA YOTE ILE?"

"NINGEFANYAJE? KAKA YANGU MMOJA NIMEMZIKA. WA PILI NIKAMTIE KITANZI KWA MKONO WANGU? YULE MWANAMKE SI DAMU YETU."

Nitasema kweli. Kitu cha kwanza nilichokipata ni furaha, furaha mbaya, yenye meno. Saluni nzima imesikia. Mama Vioo kasikia. Yule mama wa rola, mjuzi wa macho ya muuaji, aliyekuwa amekaa mbele akingoja zamu yake, kasikia kwa masikio yake mawili. Nilitamani kulivuta pazia nisimame katikati yao niseme, haya, Mama Mchi ni nani sasa? Semeni!

Halafu nikaukumbuka msumari.

Ni mimi niliyempigia baba yake kelele mpaka akauweka. Ni mimi niliyemfundisha mtoto: usimfungulie mtu usiyemjua, na ukishafungua, rudisha ufunguo mahali pake. Alikuwa mtiifu. Alimfungulia mtu anayemjua. Kisha akapanda tena ndoo, akarudisha ufunguo kwenye msumari, na kwa utiifu huo mama yake akafungwa pingu.

Jina langu likitaka kusafishwa, atakayelisafisha ni yeye. Atapandishwa kizimbani pale nilipopanda mimi. Mwanasheria mwenye miwani atamwuliza, ulimfungulia nani? Baba yako alikuwa wapi? Ulisikia nini ukiwa chini ya shuka? Atamrudisha nyuma, atamwuliza tena, atamwita mwongo kwa heshima. Nakijua kile kizimba. Mtu hatoki mle kama alivyoingia.

Na huenda hata hakumbuki. Huenda aliambiwa anaota, akakubali kwamba aliota.

Basi bora niwe Mama Mchi mpaka siku watakayonifukia. Nikafungua bomba mpaka mwisho. Maji yakapiga sinki kwa kishindo, nikayaelekeza kichwani kwake, nikakanda kwa nguvu, nikaanza hata kuimba wimbo usio na maneno, ili mradi mtoto asisikie. Draya zilikuwa bado zinasema. Nikaimba zaidi. Maji yakamwingia sikio la kulia, yakamwagika shingoni, yakalowesha nguo yake na yangu.

Ndipo nikatazama kiganja chake cha kushoto.

Hakikuwa sikioni. Kilikuwa kifuani, kimelala juu ya kingine. Sikio alilolilinda maisha yake yote lilikuwa wazi, na sijui lilikuwa wazi tangu lini.

"Mama," akasema. "Funga maji."

Nikafunga. Ndipo nikaelewa kwa nini aling'ang'ania saluni hii hii.

Wakati huohuo draya ya wifi ikalia kengele yake ndogo na kuzima. Akainua kofia. Kukawa na ukimya ambao saluni haijawahi kuwa nao tangu ijengwe.

"Jamani," akasema wifi, kwa sauti yake ya kawaida, "mbona mmenyamaza hivyo? Kuna msiba?"

Mtoto akafumbua macho, akanitazama juu ya barakoa. Povu lilikuwa likimshuka kwenye paji la uso. Akaongea, na kwa kuwa sikio lake moja lilikuwa limejaa maji, aliongea kama wanavyoongea walio ndani ya draya:

"NILIMFUNGULIA BABA MDOGO! ULISEMA NISIMFUNGULIE NISIYEMJUA, NA YEYE NILIKUWA NAMJUA. HALAFU NIKARUDISHA UFUNGUO KWENYE MSUMARI, KAMA ULIVYONIFUNDISHA."

Hadi leo sijui kama ni maji sikioni au alitaka wasikie. Sijamwuliza.

Nikaivua barakoa. Pazia likavutwa kwa nguvu hadi pete zake mbili zikakatika, na wifi yangu akasimama pale, rola kichwa kizima. Aliniona, akarudi nyuma hatua. Nyuma yake shoga yake alikuwa ameinuka, na yule mama wa rola amekaa mdomo wazi, ananiangalia macho, anatafuta alichosema kinaonekana.

Nilidhani wifi atapiga kelele. Hakupiga. Alimnyooshea mtoto mkono, akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma kuliko yote:

"Inuka, mwanangu. Twende nyumbani. Ulikuwa unaota."

Mtoto hakuinuka. Alinishika kifundo cha mkono kwa mikono yote miwili, kwa povu na maji.

"Shangazi," akasema, "mimi sijalala tangu siku ile."

Hapo kioo cha mlango kikagongwa kutoka nje. Mgongaji ni mtu mwenye furaha, anagonga kwa mdundo.

"Hodi jamani! Hamjamaliza kujipamba tu? Ni mimi, bwana harusi! Nifungulieni!"

Nilihisi vidole vya mtoto vikiniingia kwenye nyama. Wifi akageuka haraka kuelekea mlangoni, akakishika kitasa, akakizungusha. Kimefungwa. Akamgeukia Mama Vioo.

"Fungua mlango! Fungua nasema, ni mdogo wangu!"

Mama Vioo alikuwa amesimama katikati ya vioo vyake, ufunguo mkononi. Ni yule aliyeniomba nisimfanyie kituko mbele ya wateja wa harusi. Nilimwona akimwangalia wifi, akamwangalia mgongaji kivuli chake kikicheza kwenye kioo, akaniangalia mimi. Kisha akapita mbele ya wote akaja hadi kwenye sinki, akainama.

Hakuniuliza mimi. Alimwuliza mtoto.

"Nimfungulie?"